Sisi Huku Wazima

Baba yangu alikuwa karani wa serikali Kitale, nasi tulikaa shambani karibu na Misikhu, kwa hivyo nilijua kuandika barua kabla sijajua kusuka nywele. Mama hakusoma. Yeye alisema, mimi nikaandika, na mdogo wangu akashika bahasha kwa ncha za vidole ili isichafuke. Barua ilibebwa na yeyote aliyekuwa anaelekea Kitale. Mwisho wa mwezi baba alipokuja nyumbani alikuja nayo mfukoni, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Makosa ya tahajia aliyaachia mwalimu. Alichosahihisha yeye ni adabu.

"Barua inaanza na hali," alikuwa akituambia. "Mtu akifungua asikutane na shida pale mlangoni. Kwanza hamjambo, sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Shida ikae chini huko. Itaonekana tu."

Basi hata kama paa lingekuwa linaungua, sisi tungeanza na wazima. Mdogo wangu alilishika somo hilo kuliko mimi. Mimi nilikuwa na mdomo, napenda kusema jambo likiwa bado la moto. Yeye alikuwa mtoto wa kuzunguka. Akitaka sukari anauliza kama chai imeiva.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, mama aliugua akashindwa kuinuka. Akanikataza kabisa kumwandikia baba habari hiyo, ati ataacha kazi ya watu aje kukaa hapa akimtazama. Nikaandika alivyotaka: sisi huku wazima, mahindi yamefika magotini, wote wanakusalimu. Ukurasa haukujaa, na karatasi tupu ilimwudhi baba, kwa hivyo nikaongeza langu: kuku siku hizi wanalala nje. Baba alifika siku ya tatu, katikati ya mwezi, na dawa mkononi. Nilimwuliza alijuaje. Akanishangaa mimi.

"Nani hufungia kuku hapa?"

"Mama."

"Na wakilala nje?"

Nikatazama mlango wa chumba cha mama. "Basi," akasema, akaenda jikoni kuchemsha maji.

Hadithi hiyo ya kuku ndiyo iliyonipa kazi nilipokuwa mtu mzima. Ilikuwa ile miaka simu zilipoingia vijijini, hasa ile ndogo yenye tochi tuliyoiita mulika mwizi. Mradi mmoja ulifungua ofisi mjini Kitale, ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo; mpaka leo nikinusa dawa ya kupe narudi kwenye kile kiti. Akina mama wenye watoto wachanga waliandikishwa, kuanzia Saboti mpaka Ndalu. Mama akiwa na jambo alituma ujumbe mfupi kwa namba ya bure, na kompyuta ikausoma, ikaupa rangi. Nyekundu maana yake mtoto yuko hatarini, mwuguzi apige simu papo hapo na apande pikipiki aende. Kijani maana yake hakuna shida, kompyuta ijibu yenyewe kwa maneno tuliyokuwa tumeyaweka tayari.

Tulikuwa watatu. Mhandisi, kijana kutoka Nairobi, ambaye salamu yake hata kwa wazee ilikuwa "Niaje". Mwuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyejigamba kwamba amezalisha nusu ya Kitale. Na mimi. Siku ya mahojiano yule kijana aliniuliza mtu anawezaje kuelewa jambo ambalo halikusemwa. Nikampa kuku wa mama. Akapiga meza.

"Hiyo ndiyo kitu natafuta, bana! Hiyo ndiyo hii mashine haina."

Kweli haikuwa nayo. Watu hudhani kompyuta inajua kidogo na inakosea kidogo. Aka! Haijui kitu. Mwambie mtu wa hapa "mvua ilinyesha hatukufika kliniki", atakuuliza papo hapo mtoto atachanjwa lini. Amejua mvua ilileta matope, matope yakafunga njia, njia ikamrudisha mama nyumbani, na mtoto akabaki bila chanjo. Hakuna aliyemwambia lolote kati ya hayo. Amepanda ngazi nne kwa pumzi moja, na ukimwuliza atakwambia hakupanda kitu. Kompyuta inasimama chini ya ngazi ya kwanza na kungoja mpaka mtu aje kuipandisha.

Mtu huyo ndiye mimi. Kutwa nzima niliandika kanuni: kama hivi, basi vile. Kama mtoto hajafikisha mwezi na mwili wake una moto, basi nyekundu. Kama mama amesema mtoto amekataa titi, basi mtoto hanyonyi. Kama hanyonyi, basi nyekundu. Mhandisi alizigeuza kuwa lugha ya mashine. Nilijaza madaftari. Nilisikiliza wanawake kwenye foleni ya posho mill, pale pa kusaga unga, nilisikiliza kwaya ikisengenya, nikirudi naandika. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, nikaanza na majivuno. Mtu akiniambia "nitakuja kesho, Mungu akipenda," namwambia, "Sema tu huji."

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Ndalu. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipokaa, hatukuitaja kwa jina. Tulisema "mambo ya Ndalu yanaendeleaje", tukaachia hapo. Nilimwandikisha mwenyewe kwenye mradi. Alikuwa na tabia ya kunipigia simu saa za kazi, anakata kabla sijashika ili mimi ndiye nimpigie, na mhandisi alikuwa ameanza kunitazama. Nikamwambia mdogo wangu maneno haya, nayakumbuka yote:

"Acha kunisumbua kazini. Una jambo, andikia ile namba ya bure. Hiyo mashine ni mimi nimeifunza. Ukiiandikia ni kama umeniandikia mimi."

"Na majibu?"

"Majibu pia ni mimi nimeandika. Si nakwambia ni mimi?"

Alijifungua msichana. Nilimbeba akiwa na siku nne. Alinyonya kwa fujo, anaguna kama mzee anayelishwa ugali, na mkono wake umekamata kola ya mamake. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika kidonda cha kujifungua. Tangu aolewe sikuwa nimemwona akicheka vile.

Sasa, wiki chache kabla ya hapo, ofisini kulikuwa na ugomvi. Nyekundu zilikuwa nyingi mno, na nyingi hazikuwa na maana. Mama mmoja wa Saboti aliandika kwamba wako wazima na Mungu amewaepusha na homa. Kompyuta ikaona "homa", ikawasha nyekundu. Mwuguzi akapanda pikipiki kwenye utelezi, akaanguka mara mbili, akamkuta mtoto ananyonya na mamake anakaanga maharagwe. Alirudi na matope mpaka kwenye kilemba.

"Mimi si wa kutumwa kunywa chai kwa watu!" alifoka. "Yule anayeumwa kweli akiita, mtanikuta kwa mtaro."

Mhandisi akanigeukia. "Si utengeneze rule ya kupunguza hizi vitu?"

Nikatengeneza. Haikunichukua muda wa kikombe cha chai kupoa. Kama mama anasema wao ni wazima na hajasema mtoto anaumwa, basi mtoto mzima. Kama mtoto ametulia, basi hana maumivu. Kama mama ana maziwa mengi, basi mtoto ananyonya vizuri. Yote matatu yakikutana, basi kijani, na kompyuta impongeze. Maneno ya pongezi niliyaandika mwenyewe pia, nikaweka na alama ya mshangao ili yaonekane ya furaha.

Mwuguzi aliyasoma, akakunja uso. "Hiyo ya wazima. Watu si huandika tu hivyo? Hata akiwa na shida?"

Ndipo mimi, binti wa yule karani mwenye wino mwekundu, nikamjibu: "Mtu akiumwa atasema. Kwani hana mdomo?"

Nyekundu zikapungua. Mwuguzi akapumzika mgongo. Mhandisi akaninunulia soda, tukanywa dirishani tukitazama watu chini wakipakia magunia ya mbolea. Nikajiona mjanja sana. Kila nikiikumbuka ile soda najichukia.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kupitia kijani zote za wiki. Mhandisi alizichapa kwenye karatasi, nami nikapita na kalamu: kompyuta imeelewa sawa, natia alama, imekosea, nazungushia duara. Hizo ambazo hazikuwa na haraka ndizo zilizongoja Ijumaa, maana tulikuwa tumeshakubaliana kwamba hazina haraka. Ijumaa hiyo karatasi zilikuwa nyingi, na nilikuwa naharakisha niende nikanunue sabuni na shuka la mtoto, kwa sababu Jumapili nilikuwa niende Ndalu. Nikafika kwenye huu:

"Hamjambo huko ofisini. Sisi huku wazima tunamshukuru Mungu. Mtoto siku hizi ametulia sana hasumbui tena. Maziwa iko mingi mpaka inamwagikia nguo. Ni hayo tu. Salamu kwa wote."

Nikatia alama. Sawa. Nikashuka kwa anayefuata, mama aliyeuliza kuhusu uji. Nikatia alama. Nikashuka tena, na mkono ukakataa.

Kuku wanalala nje.

Nilirudi juu kwa kidole. Maziwa yanamwagika. Maziwa ya mama hayamwagiki hivi hivi kama kuna mtu wa kuyanywa. Karatasi ilisema mtoto ana siku tisa, na mtoto wa siku tisa hatulii. Mtoto wa siku tisa analia, anadai, anakukosesha raha. Akitulia na maziwa yanalowesha nguo, basi mtoto hanyonyi, na akiwa hanyonyi na halii, basi hana nguvu ya kulia. Ngazi hazikufika hata nne. Na mama anayeandika hivyo haleti habari njema. Anauliza. Ameambiwa na watu wa nyumba ile kwamba mtoto mtulivu ni baraka, ameogopa kubishana nao, basi anazunguka, anaiweka shida chini kabisa, anangoja mtu aione.

Nilitazama namba iliyokuwa ukingoni mwa karatasi. Nilikuwa naijua kama jina langu. Ujumbe ulikuwa umetumwa Jumanne asubuhi.

Nilipiga simu, imezimwa. Nikapiga tena. Mwuguzi aliniuliza kuna nini, nikamwonyesha ile karatasi kwa kidole. Alisoma mara moja, akashika kifua, akasema, "Yesu wangu, na hii nani ameiweka kijani?" Nilishuka ngazi nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva Ndalu, na asiponiuliza maneno nitamshukuru. Njiani niliomba. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo sijui ningeyatimiza vipi.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa uani akichambua maharagwe. Aliinuka polepole. Hakusema karibu.

"Umefika," akasema. "Tulimzika jana."

Kwao, kama kwetu, mtoto wa siku chache hakaliwi matanga. Hufungwa shuka, huombewa kidogo, wanawake wazee humzika. Alikuwa amekata roho Jumatano jioni, wakidhani amelala. Nilimwuliza yule mama, kwa sauti ambayo haikuwa ya adabu, kwa nini hawakuniita.

"Kukuita?" Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili. "Si huyu bibi ya kijana wangu alikuandikia Jumanne? Mimi mwenyewe nilimwambia, andikia dadako, yeye ni mtu wa mambo hayo. Na ukajibu. Tukasema basi, kama dadake amefurahi, hakuna neno."

Mdogo wangu alikuwa ndani, ameketi kitandani, kifua kimefungwa leso kwa nguvu. Leso ilikuwa imelowa. Maziwa hayakuwa yameambiwa. Nilijaribu kumkumbatia, akawa mgumu kama mbao.

"Ulinijibu hongera," akasema.

"Si mimi. Haki ya Mungu, si mimi. Ni kompyuta. Inajibu yenyewe, mimi nimeona ujumbe wako leo, sasa hivi..."

"Ulisema ni wewe."

"Nilikuwa nasema tu..."

"Ulisema: ukiiandikia ni kama umeniandikia mimi." Hakupaza sauti, na hajawahi kupaza. "Nilijua kuna kitu. Nilikuwa nataka uniambie nimpeleke hospitali, ndio niseme ni wewe umesema, wasinikataze. Nikaona hongera. Nikasema, ah, kumbe ni mimi tu naogopa."

Akachukua simu yake chini ya mto, akaniwekea mkononi. "Nenda nayo. Sitaki kuiona hapa."

Nililala chini pembeni ya kitanda chake. Asubuhi mama mkwe aliniambia kwamba mzee wetu bado hajui, na kwamba ni mimi wa kwenda. Habari ya namna ile kwetu haitumwi kwa simu. Mtu huibeba kwa miguu yake. Mama yetu alikuwa ameshatutoka miaka kadhaa. Baba alikuwa amestaafu, anakaa peke yake Misikhu na kuku wake, ambao aliwafungia mwenyewe.

Nilimkuta amekaa mlangoni anasoma gazeti la wiki iliyopita. Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Aliuliza habari za Kitale, mvua, bei ya mbolea, nikajibu yote kwa utaratibu, kama alivyotufundisha. Aliuliza na mjukuu, ameanza kutazama watu? Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ndalu, na yote yakapotea. Mimi mwenye mdomo! Nilichoweza ni kufungua ile simu, nikatafuta ujumbe wa Jumanne, nikampa.

Baba hapendi kusoma kwenye simu, lakini chochote kilichoandikwa hukiheshimu. Alitoa miwani mfuko wa shati, akaipangusa, akasogeza simu mbali na uso. Midomo yake ilitembea. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Alitikisa kichwa kidogo kwa kuridhika, kwa kuwa mtoto wake hakusahau. Kisha akafika chini, akaacha kutikisa.

"Huyu mtoto hanyonyi," akasema. "Hii ilikuja lini?"

"Jumanne, baba."

"Leo ni?"

"Jumamosi."

Sikumwambia lililobaki, na hakuniuliza. Kuku mmoja aliingia ndani akatoka, wala hakumfukuza. Mwishowe akasema, "Mlimjibu?"

Nilibonyeza kidude, nikamrudishia. Alisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma barua zetu mwisho wa mwezi, neno kwa neno, bila kuruka hata alama: "Hongera mama! Mtoto aliyetulia na maziwa mengi ni dalili njema. Endelea hivyo hivyo!"

Akaivua miwani.

"Maneno haya," akasema, "ni nani aliyaandika?"

Nilikuwa na jibu lile la jana. Lilikuwa tayari mdomoni: kompyuta, inajibu yenyewe, haijui kitu.

"Ni mimi, baba."